Jinsi ya kutengeneza korido inayotisha kwenye gemu bila zimwi: mwongozo kamili

Wanaoanza kutengeneza gemu za kutisha karibu wote wanafanya kitu kilekile. Wanazima taa zote, wanaweka muziki wa ngurumo, halafu wanaficha zimwi nyuma ya mlango lije kupiga kelele usoni. Mchezaji anashtuka mara ya kwanza, mara ya pili anacheka, ya tatu keshachoka na anatafuta mlango wa kutokea. Ndo linakuja lile swali, mbona gemu yangu haitishi wakati zimwi langu baya hivi? Zimwi halina kosa. Nyumba uliyoliweka ndo haitishi.

Huu mwongozo ni wa kazi moja tu. Tunajenga korido moja yenye vyumba vitatu, mchezaji anazunguka humo kama dakika tano, zimwi hakuna kabisa, na bado akifika mlango wa mwisho anasita. Hilo likikubali, zimwi utaliongeza baadaye na litakuta kazi nusu imeshafanyika. Likikataa, hata uweke mazimwi ishirini ni kelele tu.

## Vitu vya kuandaa

- Injini ya gemu, yaani programu ya kutengenezea gemu. Mifano yangu ni ya Godot 4 kwa sababu ni ya bure na haisumbui laptop za kawaida, lakini kwenye Unity au Unreal mambo ni yaleyale, majina ya vitufe tu ndo yanabadilika.
- Hedifoni. Spika za laptop zinameza sauti nzito na hazikuambii sauti imetokea upande gani, na sisi tunahitaji vyote viwili.
- Simu ya kurekodi na Audacity ya kukatakata hizo sauti.
- Maboksi ya kawaida ya injini, Blender (programu ya kuunda modeli za 3D) baadaye ukitaka kupendezesha.
- Karatasi na penseli. Usiruke hii.
- Watu watatu wanne ambao hawajaona chochote. Hawa ni muhimu kuliko injini. Mtu akishapita kwenye korido yako mara moja hofu yake imeshatumika, huwezi kumrudisha ashangae upya, kwa hiyo usiwaite wote siku ya kwanza, watoe mmoja mmoja.

## Hatua ya 1: Amua hapa palikuwa wapi kabla hapajaharibika

Kabla ya kuwasha kompyuta, andika hapa mahali palikuwa panafanya kazi gani. Ni zahanati? Nyumba ya familia? Meli? Nani alilala humu, viatu aliacha wapi, chakula kilipikwa chumba gani, takataka zilitolewa kupitia mlango upi?

Hofu inahitaji mchezaji awe na matarajio kwanza. Kwenye Silent Hill unaingia shule na hospitali, vitu ambavyo kila mtu anajua vinavyokaa, na Ishimura ya kwenye Dead Space ni meli ya kuchimba madini yenye wodi na sehemu za kazi, yaani watu walikuwa wanaamka asubuhi wanaenda zamu. Mahali pakiwa pa ajabu kuanzia mlangoni hakuna kitakachoonekana cha ajabu tena.

Ukishajua hayo, kila chumba kipe kitu kimoja ambacho hakijakaa sawa. Kimoja tu! Meza ya chakula, viti vinne, sahani tatu, na kiti cha nne kimegeuzwa kinatazama ukuta. Basi, ishia hapo, usiweke damu.

Angalizo: maandishi ya damu ukutani, midoli bila macho, kiti cha magurudumu katikati ya korido, hivi mchezaji kashaviona mpaka amevizoea. Akiviona anajua yuko kwenye gemu ya kutisha, na mtu anayejua hivyo ameshajipanga.

Utajua imekubali ukimwonyesha mtu picha ya chumba bila maelezo, akakwambia "hapa ni sebuleni", kisha akanyamaza kidogo na kuuliza "sasa hicho kiti vipi?"

## Hatua ya 2: Chora njia, vunja mstari wa macho

Korido iwe na kona. Ile gemu ya P.T. ya 2014 karibu yote ni korido moja yenye kona unayoipita tena na tena, na kazi kubwa inafanywa na hiyo kona, kwa sababu kila ukiikaribia kuna kipande cha sakafu ambacho bado hujakiona.

Popote mchezaji anaposimama, basi, kiwepo angalau kitu kimoja anachokiona nusu. Mlango ulioachwa wazi kidogo, ngazi zinazoshuka, kioo kinachoonyesha sehemu ya chumba ambacho hajaingia. Viwili vinatosha, vikiwa vitano anaacha kuvijali vyote.

Halafu mlango wa mwisho usiuweke mwisho. Uweke karibu na pale anapoanzia, umefungwa, aupite mapema ajaribu kitasa kikatae. Ufunguo uwe chumba cha tatu huko mbali. Kwa hiyo atalazimika kurudi kupitia njia anayoijua, na wakati wa kurudi ndo tutamfanyia kazi, maana mtu huwezi kumwonyesha kwamba kuna kitu kimebadilika mahali ambapo hakupajua.

Vipimo: mlango mita 2 kwa urefu, korido mita 1.5 kwa upana. Hapa watu wengi wa Godot wanakwama, kidonge cha mhusika (lile umbo lisiloonekana linalomzuia asipenye kuta) kinakuja na nusu kipenyo cha mita 0.5, maana yake mtu wako ana upana wa mita nzima na anakwaruza kuta kila saa. Punguza iwe 0.3.

Angalizo: usijenge kizungumkuti. Mchezaji aliyepotea anakasirika, na hasira inafukuza hofu kabisa.

Mpaka hapa ni maboksi ya kijivu, hakuna taa, hakuna sauti. Tembea humo. Ukijikuta unataka kuchungulia kona, endelea. Kama hutaki, rudi kwenye karatasi, taa haitakuokoa.

## Hatua ya 3: Mpunguze kasi

Fupi hii. Skripti ya mhusika inayokuja na Godot ina kasi ya 5.0, yaani mita tano kwa sekunde, huyo anakimbia kwenye nyumba ya watu usiku. Binadamu akitembea kawaida ni kama mita 1.4. Weka kati ya 2 na 2.5, polepole ya kutosha kuangalia lakini sio ya kuchosha.

Upana wa kamera (FOV) unaanza na nyuzi 75, jaribu 60 hadi 65, pembeni patapungua na itabidi ageuke ili aone. Ila kuna watu wanapata kichefuchefu kamera ikibana sana au ikitikisika, kwa hiyo weka setingi ya kubadilisha hayo kwenye menyu.

Na ukimpa kifaa cha kumsaidia, kimgharimu kitu. Kwenye Alien: Isolation ukiinua kile kifaa cha kutambua mwendo na kukitazama, mazingira nyuma yake yanakuwa na ukungu, kwa hiyo unachagua kujua yule kiumbe anayekuwinda yuko umbali gani au kuona mbele yako. Vyote viwili hupewi.

## Hatua ya 4: Taa, na hapa tulia

Makosa mengi yako hapa, kwa hiyo nitaongea sana.

Kwanza ua mwanga wa bure. Ukiweka anga la kawaida kwenye WorldEnvironment, sehemu ya Godot inayosimamia anga na mwanga wa mazingira, lile anga linamwaga mwanga kila kona, hata chumba kisicho na dirisha. Ndo maana unaweka taa nzuri halafu kila kitu kinabaki kijivujivu. Badilisha chanzo cha mwanga wa mazingira kiwe rangi, chagua buluu iliyokolea sana karibu na nyeusi, nguvu yake ishushe chini.

Lakini usiifikishe sifuri. Giza totoro ndo kosa namba moja. Mchezaji asipoona kitu hana cha kutafsiri, na asipokuwa na cha kutafsiri hana cha kuogopa, ana cha kulalamikia tu, anaongeza mwangaza wa skrini na kazi yako yote imekwenda. Giza zuri ni lile linalosomeka nusu, unaona kuna umbo pale lakini huwezi kuapa ni nini.

Pili, panga taa kama vituo. Taa moja pale anapojisikia salama, taa nyingine dhaifu mbali inayomvuta, katikati giza la kuvuka. Safari ya kwenda livukwe kwa sekunde tatu nne. Safari ya kurudi zima taa moja ya kati, ili giza lilelile sasa lichukue sekunde nane. Hujaongeza kitu chochote kwenye korido, umetoa tu.

Tatu, weka taa nyuma ya vitu, sio mbele. Kitu kikimulikwa mbele kinajieleza, kikimulikwa kwa nyuma kinabaki umbo jeusi. Fanya hivi: chumba cha pili, kwenye fremu ya mlango, tundika koti refu, bega liwe kama mita 1.5 toka chini, taa iwe ndani ya chumba nyuma yake. Mchezaji akikata kona atasimama, karibu wote wanasimama. Atasogea, ataona ni koti, atajicheka. Mwache ajicheke, usipige sauti yoyote. Akishachukua ufunguo na kurudi, koti halipo, kitundikio bado kipo kinayumba taratibu. Hakuna muziki, hakuna anayetokea. Hilo koti litamfuata kichwani mpaka mwisho wa gemu na umetumia modeli moja ya nguo.

Nne, taa zinazopepesa. Moja kwa korido nzima inatosha. Iwe na sababu, waya umelegea unauona, na iwe na mlio wake. Zikipepesa zote inakuwa disko. Na tafadhali isiwake na kuzima zaidi ya mara tatu kwa sekunde, kuna watu wenye kifafa ambao mwanga wa kupepesa unawaletea shida ya kweli, hiyo sio ya kubahatisha.

Kuhusu tochi, mwali uwe mwembamba na uchelewe kidogo nyuma ya kamera, kama mkono unaoifuata shingo. Halafu amua tochi inamsaliti vipi. Outlast wanakupa kamera ya kuona gizani lakini inakula betri. Amnesia: The Dark Descent ya 2010 walienda mbali zaidi, ukikaa gizani akili ya mhusika inaharibika, ukiwasha taa unaonekana, hakuna pa kukaa kwa raha. Mimi ile ya pili naiona kali zaidi, kwa sababu betri ni hesabu tu lakini pale unachagua kati ya mabaya mawili kila dakika.

Ukungu? Ndani ya nyumba weka kidogo sana. Watu wanaiga Silent Hill ya 1999 bila kujua kwamba ukungu na giza la pale lilificha kwamba PlayStation haikuweza kuchora mji mpaka mbali. Kazi yake ilikuwa ni kuficha, na wewe kwenye korido ya ndani una kona ya kukufichia tayari. Ule ukungu wa ujazo wa Godot unafanya kazi kwenye mfumo wake wa kuchora picha unaoitwa Forward+ tu, ukiwa na mashine dhaifu tumia ukungu wa kawaida.

Utajua imekubali ukipiga picha ya skrini, ukaitoa rangi zote ibaki nyeusi na nyeupe, na bado unaona sakafu inaelekea wapi, unaona fremu za milango, na unaona shimo moja jeusi ambalo jicho linarudi kwake lenyewe.

## Hatua ya 5: Sauti kwa tabaka

Anza bila muziki. Najua una ule wimbo umeupakua, weka pembeni. Muziki unamwambia mchezaji lini aogope, na akishaambiwa, kipindi muziki haupo anapumzika.

Tabaka la kwanza ni pumzi ya chumba. Hakuna chumba kilicho kimya kabisa, kuna friji, kuna feni, kuna bomba, kuna upepo dirishani. Rekodi na simu usiku watu wamelala, dakika mbili kila sehemu, kisha kwenye Audacity shusha kasi kidogo, sauti itakuwa nzito na haitatambulika kirahisi. Kila chumba kiwe na yake, ya chini kabisa, mtu asiisikie mpaka itakapozima. Na ndio, utaizima! Akichukua ufunguo, mlio wa friji unakatika. Jaribu hilo kabla hujanunua sauti ya mtu anayepiga mayowe.

Tabaka la pili ni nyayo zake mwenyewe, sauti atakayoisikia kuliko zote. Rekodi hatua tano au sita tofauti kwa kila aina ya sakafu, zipitishe kwenye AudioStreamRandomizer ya Godot zibadilike kidogo, la sivyo atasikia mashine inayogonga. Nyayo zikiwa na mwangwi kidogo kwenye kona, yeye mwenyewe ataanza kusimama ghafla kusikiliza kama zile nyingine zinasimama pia. Hujamwambia kuna mtu anamfuata, kajiambia.

Tabaka la tatu ni sauti isiyo na maelezo, mbao inalia juu, kitu kinaburutwa chumba cha pili. Hizi ni chache mno, nafasi ya dakika moja na nusu au mbili katikati, na zitoke sehemu mbili tu, alikotoka au anakotakiwa kwenda. Sauti ikitoka sehemu ambayo hatapita haimhusu.

Hapa kuna kazi ya ziada. Godot haijui kwamba ukuta unazuia sauti, kitu kilicho chumba kingine kitasikika kama kiko sikioni. Tuma mwali (raycast, mstari usioonekana) toka kwenye chanzo mpaka kwa mchezaji, ukigonga ukuta punguza volyumu na uipitishe sauti kwenye kichujio kinachokata sauti nyembamba kuanzia kama hezi 800 kwenda juu, ile "gongo" ya nyuma ya ukuta utaipata. Inalipa sana. Kwenye Resident Evil 2 ya 2019 unasikia buti za Mr. X, lile jitu linalokuwinda, ukiwa hujamuona, na unabaki unapiga hesabu, yuko juu, anashuka, ameingia maktaba, nitoke sasa au nisubiri. Ile hesabu ndo hofu yenyewe. Redio ya Silent Hill inafanya ujanja wa karibu na huo, inakoroma kukwambia kipo kitu jirani, lakini upande gani haisemi.

Angalizo: usiongeze volyumu ghafla ili kumshtua. Anayecheza na hedifoni ataumia masikio, atazivua, na hapo umepoteza hatua hii nzima.

Utajua imekubali ukifumba macho, mtu mwingine akatembea kwenye gemu, na ukaweza kusema yuko chumba gani.

## Hatua ya 6: Mpe pa kupumzika

Wengi wanaikataa hii wanaona inapunguza ukali. Hofu isiyo na pumziko inageuka uchovu ndani ya dakika chache, na mtu aliyechoka haogopi. Vyumba vya kusevu vya Resident Evil, vyenye ile taipureta na muziki mtulivu, kazi yake ni kukushusha ili uwe na pa kupandishwa tena. Zaidi ya hapo vinakupa kitu cha kukiacha, ule muda wa kusimama mlangoni ukijua ukitoka tu basi.

Kwenye korido yetu, chumba cha kwanza ndo hicho. Taa ya rangi ya joto, sauti ya feni, kiti kinachotazama mlango. Usikiguse. Kuna siku utataka kukivunja, kama Silent Hill 4 ya 2004 ambapo chumba chako kinakuponya nusu ya kwanza halafu nusu ya pili kinakugeuka, lakini hiyo unaweza kuifanya mara moja tu kwa gemu nzima, na dakika tano za kwanza sio wakati wake.

## Hatua ya 7: Ahidi, chelewesha

Kwenye Resident Evil ya 1996 kuna korido ambayo mbwa wanaruka kupitia madirisha. Ilipotengenezwa upya 2002, mara ya kwanza unapita hapo kioo kinapasuka nyufa tu na hakuna kinachoingia, mbwa wanakuja baadaye. Waliocheza ile ya zamani ndo waliteseka zaidi, maana walikuwa wanasubiri.

Sasa panga dakika zako. Ya kwanza tulivu kabisa, chumba salama, kitasa kinachokataa. Ya pili, koti na kicheko. Ya tatu, sauti moja juu ya dari, halafu kimya. Ya nne, ufunguo, friji inazima, taa ya kati imezimika. Ya tano, kurudi, kitundikio kinayumba, na ule mlango wa mwisho, ambao aliuacha umefungwa, sasa uko wazi kwa upana wa vidole viwili. Ufunguo alioufuata hauna kazi tena. Kitu alichokitafuta kwa shida kimefanywa na mtu mwingine kabla yake, ndo malipo hayo, na hakuna kilichoruka.

## Hatua ya 8: Kaa nyuma yake unyamaze

Mwite mtu mmoja, hedifoni, taa za chumba zimezimwa, rekodi skrini. Usimwambie "subiri hapa ni patamu". Usiseme lolote.

Mayowe usiyahesabu. Angalia anapunguza mwendo wapi bila kulazimishwa, anageuza kamera nyuma mara ngapi, anasimama muda gani mbele ya mlango wa mwisho. Akimaliza, swali moja, "ulidhani kuna nini humu?" Akikupa hadithi ambayo hukuiandika, korido imefanya kazi.

Zikitokea hizi, rekebisha hivi:

Anapita mbio moja kwa moja. Hana cha kuona nusu. Rudi hatua ya 2, mara nyingi korido imenyooka au milango yote imefungwa kabisa.

Anacheka. Umeweka vitu vingi. Toa nusu, na anza na kile unachokipenda zaidi, mara nyingi ndo chenye shida.

Anaongeza mwangaza wa skrini. Mwanga wa mazingira umeushusha mno.

Hakuona koti limeondoka. Safari ya kwenda hakulitazama vya kutosha, isogeze taa ya nyuma ili umbo likae katikati ya skrini pale anapokata kona. Kama bado halioni, punguza vitu vingine kwenye ukuta ule. Usiweke sauti ya kumwonyesha, afadhali mmoja asilione kuliko wote waonyeshwe.

Anasimama mlango wa mwisho, anageuza kamera nyuma, anavua hedifoni na kusema "endelea wewe". Usiguse kitu chochote kwenye hiyo korido. Nakili projekti nzima weka pembeni, kisha ndo uanze kufikiria zimwi.